JE, WAJUA? Barafu, Visu na Pointi 0.11

Mudende, katika wilaya ya Rubavu, Rwanda, ni nchi ya viazi, maziwa na baridi. Kuna siku mvua ya mawe hutwanga majani ya viazi mpaka yakabaki matundu matupu, na watoto hukimbilia mabakuli kuokota punje nyeupe kabla hazijawa maji. Jioni moja ya namna hiyo, televisheni ya duka la maziwa ilikuwa ikionyesha mashindano ya kuteleza kwenye barafu: watu wamevaa viatu vyenye visu, wanaruka, wanazunguka kama pia, kisha wanakaa kwenye kochi kungoja pointi. Mzee mmoja aliyeshika kikombe chake cha ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, akauliza: "Huyu ameanguka, na bado anaongoza. Nani anayehesabu hapa?"

Swali hilo ndilo lililozaa safu ya leo. Mzee wetu, majibu ni haya.

BARAFU YA JIRANI

1. Karisimbi, mlima unaoitazama Mudende, una urefu wa mita 4,507. Jina lake linahusishwa na isimbi, neno la Kinyarwanda la ganda jeupe linalong'aa, kwa sababu kuna asubuhi kilele chake huamka cheupe. Hakina barafu ya kudumu. Ni mvua ya mawe na theluji ya usiku tu, na jua likipanda, mlima hurudia rangi yake.

2. Weupe huo umewahi kuua. Februari 1908, msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein ulipigwa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe juu ya Karisimbi. Wapagazi 20 walikufa.

3. Neno barafu tumelipata kwa Waajemi, ambao barf yao maana yake ni theluji. Neno theluji nalo limetoka Uarabuni, kwa thalj. Yote mawili yalishuka jahazini kwenye pwani ambayo haijui theluji.

4. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza mwenyeji aliyekuwa akimwongoza kile ni kitu gani, alijibiwa neno moja: baridi. London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na mstari wa ikweta.

5. Leo wapandaji wengi wa Kilimanjaro hulala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari, kabla ya kwenda kileleni. Dar es Salaam, usawa wa bahari, barafu ni ubuyu au ukwaju uliogandishwa kwenye kifuko, unaong'atwa pembeni na kufyonzwa.

6. Wengi tulifundishwa kwamba barafu inateleza kwa sababu uzito wa mtu unaiyeyusha. Uzito peke yake hauwezi kazi hiyo. Uso wa barafu una utando mwembamba mno ambao chembe zake hazijashikana sawasawa, ukafanana na maji hata baridi ikiwa chini ya sifuri. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alikisia jambo hilo katika karne ya 19.

KIJANA WA GREIFSWALD

7. Je, wajua kwamba mtu ambaye baba yake ni Mtanzania amekuwa bingwa wa dunia wa kuteleza kwenye barafu mara 5? Anaitwa Robin Szolkowy. Alizaliwa tarehe 14 Julai 1979 Greifswald, mji ulio karibu na Bahari ya Baltiki, wakati huo ukiwa Ujerumani Mashariki. Mama yake ni Mjerumani.

8. Ujerumani Mashariki haikuwa ngeni kwa Watanzania wa enzi hizo. Zanzibar iliitambua mwaka 1964, na yale majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, Unguja, yalijengwa kwa utaalamu kutoka huko. Vijana wengi wa Tanzania walikwenda kusoma kwenye vyuo vyake.

9. Szolkowy alicheza mchezo wa wawili: mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa, humrusha akazunguka hewani, na mara nyingine wote huruka sambamba kama mtu na kivuli chake. Kuanzia 2003 mwenzake alikuwa Aljona Savchenko, mzaliwa wa Obukhiv, Ukraine. Walifanyia mazoezi Chemnitz, Ujerumani.

10. Shika kalamu uandike. Mashindano ya Dunia: Gothenburg 2008, dhahabu. Los Angeles 2009, dhahabu. Torino 2010, fedha. Moscow 2011, dhahabu. Nice 2012, dhahabu. London ya Kanada 2013, fedha. Saitama, Japani, 2014, dhahabu. Ukianza na shaba ya Tokyo 2007, ni miaka 8 mfululizo bila kushuka jukwaani.

11. Katika orodha hiyo, itazame Nice 2012 kwa karibu. Savchenko na Szolkowy walipata pointi 201.49. Warusi Tatiana Volosozhar na Maxim Trankov walipata 201.38. Tofauti: 0.11.

12. Je, 0.11 ni kiasi gani? Kuanguka mara moja hukatwa pointi 1 nzima. Kwa hiyo ubingwa wa dunia mwaka ule ulikuwa mdogo kuliko sehemu ya tisa ya mwanguko mmoja. Wachezaji wawili hao walicheza programu mbili, fupi na ndefu, wakainuana, wakarushana, wakazunguka, na mwisho wa hesabu kilichowatenganisha na wapinzani wao ni mkono ulionyooka vizuri zaidi mahali fulani.

13. Olimpiki ndiyo iliyomgomea. Vancouver 2010, baada ya programu fupi, Szolkowy na mwenzake walikuwa wa pili. Matokeo ya mwisho yalisomeka hivi: Shen Xue na Zhao Hongbo wa China 216.57, Pang Qing na Tong Jian wa China 213.31, Savchenko na Szolkowy 210.60. Shaba.

14. Na muziki waliouchezea programu ndefu Vancouver? Ni wa filamu ya Out of Africa, uliotungwa na John Barry. Filamu hiyo ya 1985 ilitokana na kitabu cha Karen Blixen kuhusu shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong, Kenya. Mtoto wa Mtanzania, kwa bendera ya Ujerumani, kwenye barafu ya Kanada, akiteleza kwa muziki wa habari za Kenya.

15. Sochi 2014 ikawa marudio. Walimaliza programu fupi wakiwa wa pili. Mwisho wa programu ndefu walijaribu Savchenko arushwe azunguke mara tatu na nusu, jambo ambalo ni wachache waliothubutu kulifanya. Akaangukia barafuni. Pointi 215.78, shaba tena. Mwezi uliofuata walitwaa dunia Saitama, na Szolkowy akastaafu akiwa bingwa.

16. Savchenko hakustaafu. Alitafuta mwenzake mpya, Mfaransa Bruno Massot, na kwenye Olimpiki yake ya tano, Pyeongchang 2018, walikuwa wa nne baada ya programu fupi. Wakamaliza na 235.90 dhidi ya 235.47 za Wachina Sui Wenjing na Han Cong. Dhahabu kwa pointi 0.43.

17. Szolkowy mwenyewe aligeukia ukocha. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Warusi Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov, waliopanda jukwaa la dunia.

NANI ANAHESABU?

18. Mzee wetu, wanaohesabu ni majaji 9. Kwa kila kipengele, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, kisha hutafutwa wastani wa zile 7 zinazobaki. Jaji mwenye chuki na jaji mwenye mapenzi hufutana.

19. Pembeni yao kuna jopo jingine lenye video. Kazi yake ni kusema mruko ni upi na kama mizunguko imetimia. Kila mruko una bei yake, kama bidhaa ya dukani, na majaji huongeza au kupunguza kwa kipimo cha kuanzia −5 hadi +5.

20. Sasa jibu la yule aliyeanguka. Katika jedwali lililoanza 2018, mruko wa Lutz wa mizunguko minne una bei ya 11.50. Mchezaji akianguka, nusu ya bei hukatwa, zikabaki 5.75. Toa pointi 1 ya kuanguka, zinabaki 4.75. Lutz ya mizunguko miwili iliyotua salama ina bei ya 2.10. Aliyethubutu akaanguka amemzidi aliyecheza kwa woga.

21. Lakini usifanye kuanguka kuwa mtaji. Kwa wachezaji wa ngazi ya wakubwa, mwanguko wa tatu na wa nne kila mmoja hukatwa pointi 2, na kuanzia wa tano ni 3.

22. Zamani alama ya juu ilikuwa 6.0. Ilizikwa na kashfa ya Salt Lake City 2002: jaji Mfaransa alipodai alishinikizwa kuwapendelea Warusi katika mchezo wa wawili, Wakanada Jamie Salé na David Pelletier nao walipewa dhahabu, zikawa jozi mbili za mabingwa. Mfumo mpya wa kujumlisha pointi ulipitishwa 2004.

23. Kwa nini Waingereza wanauita mchezo huu wa "michoro"? Kwa sababu wachezaji walichora kweli. Walikuwa wakichonga namba 8 na maumbo mengine kwa kisu, na majaji wakiinama kukagua mistari kama fundi anayekagua ukuta. Wakati mmoja michoro hiyo ilibeba asilimia 60 ya alama. Iliondolewa mashindanoni baada ya 1990.

24. Kochi la kungojea pointi lina jina lake: pahali pa busu na machozi. Jina hilo lilianzia Helsinki kwenye Mashindano ya Dunia ya 1983.

25. Mruko wa nusu ya pili ya programu ulikuwa na nyongeza, kwa kuwa miguu imechoka. Pyeongchang 2018, Alina Zagitova wa miaka 15 alirundika miruko yake yote ya programu ndefu kwenye nusu hiyo. Akamshinda Evgenia Medvedeva kwa 239.57 dhidi ya 238.26. Mwaka huohuo kanuni ikabadilishwa: nyongeza ni kwa miruko michache ya mwisho tu.

KISU, MRUKO NA MASHINE

26. Kisu cha kiatu kina unene wa takriban milimita 4, na katikati kina mfereji mwembamba. Kwa hiyo kila kisu kina makali mawili, ya ndani na ya nje. Aliyewahi kuona kijana wa Goma akishuka mteremko juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, yenye gunia la viazi anajua maana ya kuegemea ukingo mmoja na kutoka salama.

27. Makali hayo ndiyo hutofautisha miruko. Lutz huanzia makali ya nje ya mguu mmoja huku meno ya mbele ya kisu kingine yakichoma barafu. Mguu ukilalia ndani kabla ya kuruka, hata kwa kufumba na kufumbua, jopo la video linauona na pointi zinapukutika.

28. Miruko mingi ina majina ya watu. Axel ni ya Mnorwe Axel Paulsen, aliyeionyesha 1882. Salchow ni ya Msweden Ulrich Salchow. Lutz ni ya Alois Lutz wa Austria.

29. Axel ndiyo pekee mchezaji anayoiruka uso ukiwa mbele. Kwa kuwa hutua kinyumenyume, daima ina nusu mzunguko wa ziada.

30. Mkanada Kurt Browning alikuwa wa kwanza kutua mizunguko minne kwenye Mashindano ya Dunia, Budapest 1988. Axel ya mizunguko minne, yaani minne na nusu, ilingoja hadi Septemba 2022, Mmarekani Ilia Malinin alipoitua Lake Placid.

31. Mchezaji anayezunguka akikunja mikono kifuani, kasi hupanda bila yeye kusukuma kitu. Kaa kwenye kiti kinachozunguka ukiwa na chupa ya maji kila mkono, kisha zivute kifuani. Utaelewa.

32. Mashine inayolainisha barafu inaitwa Zamboni. Jina linalia kama la mtu wa kwetu, lakini Frank Zamboni alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Italia. Aliitengeneza California mwaka 1949, baada ya kuchoka kuona kazi hiyo ikila muda wa wafanyakazi wengi.

WATU WETU NA MAJIRANI ZETU

33. Mtu mweusi wa kwanza kupata medali kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi, katika mchezo wowote, alikuwa mtelezaji: Mmarekani Debi Thomas, shaba, Calgary 1988. Alikuwa bingwa wa dunia 1986. Baadaye akawa daktari wa upasuaji wa mifupa.

34. Surya Bonaly wa Ufaransa alitangazwa kwa waandishi kuwa mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi. Ulikuwa uongo wa kumtia mvuto. Alizaliwa Nice, mji uleule ambao baadaye Szolkowy angeshinda kwa 0.11.

35. Bonaly alikuwa wa pili duniani mara 3 mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Chiba 1994 majaji 5 walimpa Yuka Sato wa Japani, 4 wakampa yeye. Alikataa kupanda jukwaa, na medali ya fedha alipovishwa akaivua.

36. Nagano 1998, akiwa ameumia na akijua medali imempita, Bonaly alipiga sarakasi ya kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja. Sarakasi hiyo ilikuwa imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970. Alimaliza wa 10. Marufuku iliondolewa 2024, na leo wengi hawakumbuki walioshinda siku ile ila wanaikumbuka sarakasi.

37. Adam Siao Him Fa, Mfaransa ambaye wazazi wake wanatoka Mauritius, alikuwa bingwa wa Ulaya 2023 na 2024. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Montreal 2024 aliharibu programu fupi akashika nafasi ya 19. Akarudi na programu ndefu ya pointi 206.90 na kupanda hadi ya 3. Kutoka mkiani hadi shaba, kwa dakika chache.

38. Mfaransa mwingine, Maé-Bérénice Méité, aliyecheza Olimpiki ya Sochi 2014 na ya Pyeongchang 2018, ana asili ya Ivory Coast na Kongo.

39. Nchi ya kwanza ya Afrika kupeleka wachezaji kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ilikuwa Afrika Kusini, Squaw Valley 1960. Ilipeleka wanne, na wote walikuwa watelezaji wa mchezo huu.

40. Nairobi ina uwanja wa barafu ndani ya hoteli, kandokando ya barabara ya Mombasa, tangu 2005. Nje jua la saa sita, ndani watu wamevaa makoti. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya hoki ya Kenya Ice Lions, ambayo 2018 ilipelekwa Kanada na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafuni.

41. Vijana wa Kisomali wanaoishi Borlänge, Sweden, waliunda timu ya taifa ya bandi, mchezo unaofanana na hoki lakini hutumia mpira, mwaka 2013. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuvaa viatu vya visu. Mwanzoni mwa 2014 walikuwa Irkutsk, Siberia, wakicheza Mashindano ya Dunia ya bandi.

42. Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika mbio za kushuka milima ya theluji kwenye Olimpiki, 2018, ni mzaliwa wa Kilifi. Kutoka minazini hadi theluji ya Austria, alikokulia.

MATOKEO YALIYOACHA ALAMA

43. Mashindano ya kwanza ya Dunia yalifanyika St. Petersburg 1896. Washindani walikuwa 4. Mjerumani Gilbert Fuchs akashinda.

44. Mwaka 1902 Mwingereza Madge Syers aligundua kwamba kanuni hazikutaja kokote kuwa wanawake hawaruhusiwi. Akajiandikisha, akashindana na wanaume, akawa wa pili. Wakubwa wakawafungia wanawake mlango haraka, kisha 1906 wakaanzisha shindano lao. Syers akalishinda.

45. Mchezo huu wa barafu ulianzia Olimpiki ya kawaida: London 1908, ndani ya jengo, miaka 16 kabla ya Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi huko Chamonix.

46. Wazee wa Gisenyi na Bukavu wanalikumbuka jina la Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji lililokuwa likiruka hadi Kongo na Usumbura. Tarehe 15 Februari 1961 ndege yake ilianguka karibu na Brussels ikiwa na timu nzima ya Marekani iliyokuwa njiani kwenda Mashindano ya Dunia Prague. Wote 72 walikufa, pamoja na mkulima mmoja aliyekuwa shambani. Mashindano ya mwaka ule yakafutwa.

47. Januari 2025 msiba ukarudi. Ndege iliyotoka Wichita iligongana na helikopta karibu na Washington, watu 67 wakafa, wakiwemo watelezaji chipukizi, wazazi na makocha. Miongoni mwao walikuwa Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa mchezo wa wawili wa 1994.

48. Miezi miwili baadaye Mashindano ya Dunia yalifanyika Boston. Malinin alimwacha wa pili kwa zaidi ya pointi 30. Katika mchezo wa wawili, Riku Miura na Ryuichi Kihara wa Japani waliwashinda Minerva Hase na Nikita Volodin wa Ujerumani kwa 0.71 tu. Alysa Liu, aliyekuwa amestaafu akiwa na miaka 16, alirudi na kutwaa dhahabu ya wanawake.

49. Na matokeo yaliyochelewa sana? Shindano la timu la Beijing, Februari 2022. Kamila Valieva wa Urusi, mwenye miaka 15, alikutwa na dawa iliyokatazwa, kesi ikazunguka mahakamani, na Wamarekani walivishwa dhahabu yao Agosti 2024, Paris, wakati wa Olimpiki ya kiangazi. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka miaka miwili na nusu nyuma.

WA MWISHO NA WA KWANZA

50. Sonja Henie wa Norway alikuwa na miaka 11 alipocheza Chamonix 1924. Katikati ya programu alikuwa akikimbilia pembeni kumuuliza kocha afanye nini sasa. Akawa wa 8 kati ya 8. Akarudi kuchukua dhahabu ya 1928, ya 1932 na ya 1936.

51. Nagano 1998, katika mbio za theluji za kilomita 10, Mkenya Philip Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Mnorwe Bjørn Dæhlie. Dæhlie hakukubali sherehe ya medali ianze kabla ya Boit kufika. Alimngoja kwenye utepe, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie.

52. Na la mwisho, kwa ajili ya mzee wa ikivuguto. Asubuhi Mudende, Karisimbi ikiwa bado nyeupe, wafugaji hupanga makopo yao kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mpimaji hudumbukiza laktomita, anainama, anasoma mstari. Maziwa mazuri husoma kati ya 1.028 na 1.032. Yaliyotiwa maji hushuka, na mwenye kopo hurudi nalo nyumbani kimya. Majaji wa barafu huishia tarakimu ya pili baada ya nukta. Mpimaji wa maziwa husoma hadi ya tatu, hana video, na foleni inamngoja. Kwa hiyo, mzee wetu, 0.11 ya Nice si fumbo kwako. Umekuwa ukihukumiwa kwa chini ya hapo kila siku kabla ya saa tatu.